KIBANDA CHA MPIRA KIMENIITA KISIRANI NA KITI CHANGU KIMEUZWA SHILINGI 150. MIE NIMESUSIA, NA NYINYI SUSIENI

Assalam aleikum, na wasio Waislamu habari zenu. Naandika hii nimejaa mpaka hapa kooni na tafadhali mtu asinambie nipoe, nimepoa wiki nzima na zaidi na hakuna kilichobadilika.

Huku kwetu Kisauni, Mombasa, kuna kibanda cha kuonyesha mpira ambacho mie nimekwenda zaidi ya miaka sita. Jina silitaji, wanaokwenda wanakijua. Mie naendesha tuktuk, asubuhi mpaka jioni niko barabarani, na starehe yangu ni moja tu, mpira. Sinywi, sitafuni miraa, sibeti. Nikishampelekea mwenye tuktuk hesabu yake naja nalipa thatini yangu, mechi kubwa hamsini, nakaa safu ya tatu karibu na nguzo, kiti cha plastiki chekundu mguu mmoja umefungwa waya wa stima, na panka liko juu yake pale pale. Huo waya niliufunga mie kwa mkono wangu, kiti kilikuwa kitupwe.

Sasa sikilizeni.

Tarehe 22 Agosti 2025 ilikuwa robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Harambee Stars yetu ya Kenya na Madagaska pale uwanja wa Kasarani, Nairobi, saa kumi na moja jioni. Kibanda kimejaa mpaka watu wananing'inia dirishani, maana wengi tv wanazo nyumbani lakini mechi ya taifa huiangalii peke yako kama mgonjwa. Omija kafunga mwanzo wa kipindi cha pili, tukaruka, mtu simjui kanikumbatia jasho lake lote likanihamia. Baadaye ikaadhiniwa Magharibi nikatoka kwenda kuswali, msikiti hauko mbali. Niko kwenye rakaa ya pili nikasikia mtaa mzima umenyamaza ghafla, nikajua. Narudi nakuta moja moja, Madagaska wamepewa penalti wamesawazisha. Nikakaa kitini pangu. Mambo yakaenda mpaka kupigiana penalti, tukatolewa 4-3.

Hapo mwenye kibanda, mtu mzima na mvi zake, mtu ambaye mie namuamkia shikamoo, kasimama mbele ya skrini kaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Huyu ndiye. Alitoka tukiwa twaongoza, katoka na bahati yetu. Huyu ni kisirani." Watu wakaitikia. Sikujibu kitu, nikasema ni machungu ya kufungwa, kesho wataamka wamesahau.

Hawakusahau. Kesho yake Arsenal yetu ilicheza na Leeds saa moja unusu usiku na mie sikwenda, nilikuwa na abiria nampeleka Mtwapa. Arsenal ikashinda 5-0. Sijafika hata nyumbani nimeshatumiwa meseji na watu wanne, "umeona? ukikosekana twashinda tano." Sasa nielezeni nyinyi wenye akili. Ijumaa kosa langu ni kutoka, Jumamosi wema wangu ni kutokuja. Nikitoka nawaondolea bahati, nikikosekana nawaletea bahati. Mtu afanye nini hapo?

Halafu ikaja ile Jumapili tarehe 31, Liverpool na Arsenal, saa kumi na mbili unusu jioni. Nimekuja mapema, nimelipa hamsini kwa simu, meseji ya kulipa ninayo mpaka leo sijaifuta. Naingia nakuta kitini pangu amekaa kijana, hata miaka ishirini sidhani kama anayo, ameshika simu yuwaangalia mkeka wake wa kubeti. Nikamwambia ndugu yangu hapo pangu. Mwenye kibanda kaja mbio, ati hicho sasa ni kiti cha bahati, aliyekikalia siku ya Leeds mkeka wake uliitika wote, kwa hivyo kiti ni 150 na huyu kijana amelipa. Nikamwambia sawa nipe chengine. Akanambia weye kaa nje, watu wametoa pesa zao hapa hawataki mikosi. Nikamwambia basi nirudishie hamsini yangu. Mnajua kanijibu nini? "Hiyo ni fidia ya Madagaska."

Wallahi nilisikia mikono yatetemeka.

Nikasimama mlangoni, katikati ya kreti za soda na ukuta, nusu ya mwili ndani nusu nje, nikaangalia mechi kupitia mabega ya watu. Dakika ya 83 Szoboszlai kapiga frikiki kutoka mbali kule, mpira ukaingia wavuni, Liverpool 1 Arsenal 0, ikaisha hivyo. Mie niko nje. Kiti cha bahati kina mtu wake wa shilingi 150. Na tumefungwa. Nilidhani hapo sasa watu wataona. La! Wakageuka wote wakaniangalia mie mlangoni, kasema mmoja "si yuwachungulia, jicho limeingia." Yule kijana wa kitini mkeka umechanika, kapita karibu yangu akitoka, katema mate chini.

Mate. Mtu ninayeweza kumzaa.

Na haya ya kibandani ningeweza kuyavumilia yangebaki kibandani. Kuna mama mmoja auza samaki karibu na steji yetu, beseni la tafi na changu, mama wa heshima, mie ndiye humbebea beseni lake kwenye tuktuk alfajiri na simtozi pesa. Jumanne ile nimekwenda na mia mbili mkononi, nataka tafi wawili wa nyumbani. Alikuwa hajauza bado. Akawa yuwamwagia samaki maji kwa kopo, haniangalii usoni, akasema kwa sauti ndogo, "Ngoja kidogo mwanangu, acha nifunguliwe na mwengine kwanza." Waliokulia pwani wanajua maana yake. Mwenye mkono mzito hafungui biashara ya mtu asubuhi. Nilisimama pale na mia mbili yangu mpaka akaja msichana wa skuli kununua dagaa wa shilingi ishirini, ndipo nami nikauziwa. Simlaumu yule mama, yeye atafuta riziki na ameskia maneno. Namlaumu aliyeyatoa. Neno kisirani hapa Mombasa si mzaha wa mpira, neno hilo linakufuata kwenye steji, linakufuata kwenye posa, mwanao anaambiwa skuli babako ni mkosi. Wenzangu wa tuktuk wawili washaanza kukataa nitangulie kwenye foleni asubuhi. Hiyo ni pesa yangu inaondoka.

Na mkitaka tuhesabu, tuhesabu basi. Tarehe 10 Agosti Kenya ilicheza na Moroko, Ryan Ogam akafunga, tukapigwa kadi nyekundu, kipindi cha pili chote tukacheza watu kumi na tukashinda 1-0. Moroko hao hao ndio waliobeba kombe mwisho wa mashindano. Siku hiyo mie nilikuwa wapi? Kiti chekundu, safu ya tatu, panka kichwani, dakika zote tisini. Mbona hakuna aliyesema nina baraka? Mbona sikuletewa hata kikombe cha kahawa chungu? Na usiku ule ule tuliotolewa na Madagaska, Tanzania nayo ilitolewa na Moroko 1-0, kesho yake Uganda ikatolewa na Senegali 1-0. Wenyeji wote watatu wa mashindano nje ndani ya siku mbili. Na hao pia niliwaroga mie kutoka Kisauni?

Mpaka kufikia huo Agosti 2025 Arsenal ilikuwa haijachukua ligi tangu 2004, misimu mitatu mfululizo tulimaliza nambari mbili. Hapa kwetu ligi ya Kenya mara ya mwisho kuja Mombasa ni 1965 na Feisal, mie sijazaliwa wala mama hajaolewa, na Bandari 2019 ikamaliza ya pili ikakwama hapo. Kuna sababu za mpira, pesa, makocha, viwanja, majeruhi. Mtu akiona uvivu kuyafikiria hayo ndio amtafute dereva wa tuktuk amtwike.

Najua kuna watakaoniletea habari za kocha Béla Guttmann na Benfica ya Ureno, kwamba 1962 aliondoka kwa hasira akawalaani miaka mia, na kweli tangu hapo wamefika fainali nane za Ulaya wakapoteza zote. Sawa. Lakini Benfica hao hao ligi ya kwao wameichukua mara chungu nzima katika miaka hiyo hiyo. Laana gani hiyo yajua kuchagua kombe? Na mtakumbuka 2002 kule Mali kwenye Kombe la Afrika, Thomas Nkono wa Kamerun, aliyekuwa kipa mkubwa Afrika hii, alipokamatwa na polisi uwanjani kabla ya nusu fainali ati ameweka hirizi. Kamerun ikashinda ile mechi 3-0 kwa kucheza mpira. Mtu mzima, mwenye jina lake, kaburutwa mbele ya watu kwa dhana tu. Ndivyo uvumi wa uchawi unavyofanya, unaanza na kicheko unaishia kumtia mtu pingu mikononi.

Na sisi Waislamu tuliojaa pale kibandani, tumeambiwa wazi hakuna tiyara. Kuona nuksi kwa bundi, kwa paka, kwa mtu, Mtume amekataza. Watu hao hao nasimama nao bega kwa bega safu moja msikitini, saa moja baadaye ati jicho langu limemfungia Szoboszlai.

Lakini mie nawaambia, mwenye kibanda haamini haya hata kidogo, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Yeye ameona biashara. Ukishawaaminisha watu kuna kisirani basi lazima kuwe na bahati, na bahati yauzwa. Kiti changu 150. Siku ile ile nimeona safu nzima ya nguzo imepandishwa 100, ati iko karibu na bahati. Soda ya arobaini imekuwa sitini mechi ikianza. Vijana wenye mikeka ndio wanaolipa, wamekopa pesa ya kubeti na sasa wakopa pesa ya kukalia plastiki. Halafu timu ikifungwa hakuna wa kumdai, maana kuna mtu mlangoni wa kulaumiwa. Hata dada auzaye mihogo ya kukaanga pale nje, siku ya Madagaska aliambiwa ahamishe jiko lake penalti zikipigwa kwa sababu mwanamke akichungulia ni nuksi. Mihogo ikaingia mafuta yakiwa yamepoa, ikaharibika karai zima, nani alimlipa? Hakuna.

Kwa hivyo mie nimesusia na nawaomba musiende. Nimesikia wengine washaanza kusema Wakenya hatuwezi kususia kitu. Watu wanakumbuka 2017 wanasiasa wa upinzani walipotwambia tususie maziwa fulani na mafuta fulani na laini ya simu, watu wakatupa laini zao wakahangaika, Machi 2018 wakubwa, Raila na Uhuru, wakashikana mikono kwenye ngazi yakaisha, na hakuna aliyerudi kumuuliza mwananchi umepoteza nini. Ile ilishindwa kwa sababu haikuwa yetu. Hii ni ya kwetu na ni ndogo, ni kibanda kimoja, watu themanini hivi siku ya mechi kubwa. Wakikosekana arobaini tu, kulipia hiyo dikoda ataona chungu mwisho wa mwezi.

Nitakalo si kubwa. Mwenye kibanda arudishe hamsini yangu na amlipe yule dada mihogo yake. Bei iandikwe ukutani na viti viwe bei moja, anayekuja mbele akae mbele. Na aseme kwamba alikosea, mbele ya watu wale wale alioniita kisirani mbele yao, maana kunipigia simu ya faragha ati "tuyamalize kiume" kama alivyofanya juzi sikubali, aliniaibisha hadharani na hadharani ndipo atakaponisafisha.

Wa kuniambia niangalie kwa simu, bando la mechi moja ni kubwa kuliko hiyo thatini na skrini yangu imepasuka. Wa kuniambia nifungue changu, nipeni mtaji. Na nyinyi wawili mliokuwa safu ya pili siku ile mkanijua na mkaangalia chini, nawajua pia, majina sitayaandika, lakini tukikutana steji musinisalimie kama hakukutokea kitu.

Jumamosi hii tarehe 13 Septemba Arsenal yacheza na Nottingham Forest saa nane unusu mchana. Binamu yangu ana tv ya inchi 43 kule Mishomoroni na amekubali tuitoe uani chini ya mwembe, hakuna kiingilio, tutachanga ya stima tu, ishirini ishirini. Viti hana, kila mtu aje na chake ama mkeka wa kukalia. Yule dada wa mihogo nimeshaongea naye, ataweka jiko pale na atakaa mbele akitaka. Tukionana vizuri hapo, Jumapili tarehe 21 ni Man City na tutafanya vivyo hivyo.

Walio tayari andikeni hapa chini munatoka wapi, mie na tuktuk ntapita Bombolulu na Mlaleo kuanzia saa saba, siku hiyo silipishi nauli.