Kikundi cha Ukoo wa Ngamiani: kambare wa oveni

Hamisi (Houston): Assalam aleikum wote. Mama shikamoo, Mjomba shikamoo, Shangazi shikamoo. Da Zai ile picha ya samaki ulotuma jana ni nini ile, maana nimeitazama mpaka njaa ikaniuma, natoka shifti saa kumi na mbili jioni nguvu za kusimama jikoni sina na hela ya mgahawa kila siku sina

Zai (Memphis): Waaleikum salaam mdogo wangu. Yule kambare. Huku kusini wanamvingirisha kwenye unga wa mahindi wanamtosa kwenye mafuta mengi, mi namtia oveni tu, nusu saa tunakula

Mama: Marahaba wanangu. Kambare??? Zaituni umekulia Tanga bahari hiyo hapo, umevuka maji yote hayo ukale kambare 😂

Mjomba Seif: Yule wa tope 😂😂

Zai: Sio wa tope Mjomba! Hawa wanafugwa mabwawani, Mississippi ndo wanaongoza, halafu kuna Alabama na Arkansas. Chakula chao kinaelea juu ya maji, samaki anapanda kukifuata. Na bwawa halivuliwi hivihivi, wanatoa samaki mmoja mmoja kwanza wanapeleka kiwandani, kuna mtu kazi yake kuonja, akisema ana ladha ya tope bwawa linaachwa kwanza mpaka liwe sawa

Mjomba Seif: Kuonja samaki halafu unalipwa. Niulizieni nafasi

Hamisi: Nipo dukani ss hv. Kuna wa Mississippi wa kugandishwa na kuna mwengine wa Vietnam kaandikwa swai, bei yake chini kabisa

Zai: Swai ni jamaa yake kambare ila tangu 2002 sheria ya Marekani hairuhusu auzwe kwa jina la catfish, yaani kambare, jina wamewaachia samaki wa kwao. Mfuko ukibana chukua swai. Mnofu wake laini unavunjika haraka basi usimgeuzegeuze. Ila wale walokwisha pakwa unga kiwandani waache hapohapo, chumvi tupu na nusu ya hela unanunulia unga

Hamisi: Unga si huu wa ugali ninao nyumbani?

Zai: Kama ni ule laini hapana, unakuwa uji juu ya samaki. Tafuta wenye chembe, ukiusugua vidoleni unakwaruza kama mchanga. Wa njano au mweupe yote sawa. Na mtindi kopo dogo, ukikosa chukua maziwa ya kawaida kikombe kimoja kamulia kijiko cha ndimu yaache dakika kumi

Shangazi Mwana: Mtindi kwa samaki?

Zai: Unakata ile shombo Shangazi na unga unashika bila yai. Robo saa tu inatosha

Mama: Na chumvi je, baba yenu presha ile, dokta kashasema

Zai: Ndo maana sinunui viungo vya kuchanganywa tayari, vingi vina chumvi humohumo na mtu anaongeza nyingine bila kujua. Mi nachanganya mwenyewe, paprika, pilipili manga, unga wa kitunguu saumu, pilipili ya unga kidogo, chumvi robo kijiko cha chai kwa minofu minne. Ladha inayopungua unaimalizia kwa ndimu mezani

Hamisi: Nimefika home. Oveni moto gani

Zai: 425 za Fahrenheit kwa huko kwako. Na sikiliza hapa ndo penye kazi, trei iingie TUPU na vijiko viwili vya mafuta ipate moto kabisa, wakati huo samaki awe kashayeyuka barafu, mfute kwa tishu mpaka akauke, ndo mtindi, mchuruze, ndo unga, mbonyeze kwa kiganja unga ukamate. Ukimweka kwenye trei lazima usikie chwaaa, usiposikia rudisha trei. Dakika kumi na tano hivi, mnofu ukiugusa kwa uma unaachana wenyewe na ndani mweupe, hapenyezi mwanga kama kioo tena, basi kaiva

Hamisi: Kaingia. Chwaaa imesikika mpaka kwa jirani

Mjomba Seif: Na mboga? Au mnakula samaki mkavu kama paka

Zai: Sukuma wiki Mjomba! Huku yapo kila duka na majani makubwa hayo. Wenyeji wanayachemsha masaa na nguruwe wa moshi, Waislamu wengi na wanaoangalia afya wanaweka bata mzinga wa moshi. Mi sina masaa, nayakata nyembamba kama ya kwetu, kitunguu, saumu, maji kidogo, funika dakika kumi, mwisho siki kijiko. Na kunde za kopo, zimwagie maji uzisuuze chumvi itoke. Mwaka mpya hapa kunde na mboga za majani lazima, wanasema kunde bahati, majani pesa

Mama: Kunde, sukuma, unga wa mahindi, bamia bila shaka. Sasa hao Wamarekani au watu wa Muheza

Zai: 😂😂 Subiri Mama. Hapa Memphis kambare analiwa na tambi

Mama: TAMBI?? Za nazi na iliki?

Zai: Za nyanya, zile ndefu. Sahani moja, samaki huku tambi kule

Shangazi Mwana: Mungu nisamehe, hao ni wa kuombewa

Hamisi: Jamani katoka. Chini kakauka rangi ya kahawia juu kidogo mweupe

Zai: Mpake mafuta kidogo juu, pandisha rafu ya juu dakika mbili simama hapohapo usiondoke

Shangazi Mwana: Mie sina oveni, nitatia moto juu na chini kama mkate wa mayai. Dona itafaa ule unga?

Zai: Dona ilosagwa kwa kukwaruza itafaa sana Shangazi, ila mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini na sufuria ipate moto kwanza

Mama: Basi Seif kesho ukipita sokoni niletee sato wawili wakubwa watolewe minofu hukohuko, na mtindi. Kambare usinunue, hata akiwa kaonjwa

Mjomba Seif: Sawa dada, na tambi niongeze? 😂

Hamisi: Nimekula wote wanne