Ibada ya asubuhi na mtoto wa miaka minne: nyinyi mnafanyaje?

MamaWaUmoja

Hamjambo wote. Niko hapa Umoja na kijana wangu wa miaka minne na nusu, yuko PP1, chekechea. Basi la shule hufika getini saa kumi na mbili na nusu. Dereva hupiga honi mara mbili, usipotokea anaenda zake.

Mimi nililelewa na nyanya kule Machakos. Kabla hakujapambazuka tulishapigishwa magoti kwenye saruji baridi: wimbo, Zaburi, sala, ndipo uji. Nilitaka mwanangu naye akue na kitu kama hicho. Saruji si lazima.

Basi tangu Januari namwamsha saa kumi na moja na nusu, namsomea Zaburi 23 kitandani, tunaomba. Jana nimefika "katika malisho ya majani mabichi hunilaza", akaniuliza mbona Mungu amlaze na yeye ndio kwanza ameamka. Nikamwambia anyamaze asikilize. Akataka kujua hayo majani ni ya mbuzi ama ni sukuma. Wakati wa sala nikafungua jicho moja, nikamkuta amevaa soksi mikononi, moja inapiga gumzo na mwenzake. Nikapayuka: "Funga macho, tunaomba!"

Aliyafunga, midomo ikitetemeka. Nami nikaendelea na "Baba yetu uliye mbinguni" kwa sauti ile ile ya kugomba. Nimeshinda nayo masikioni kutwa nzima kazini.

Sasa nauliza: umri huu mtoto analazimishwa kutulia, au nimwache kwanza akue? Na nyinyi wa basi la alfajiri, muda mnautoa wapi?

Shosho_Kahawa

Pole mwanangu. Nimelea watano, sasa niko kwa wajukuu.

Zaburi 23 ni mistari sita, ni mingi kwa mtu ambaye bado ana tongo machoni. Jaribu ya 117. Ni mistari miwili tu, hakuna sura fupi kuliko hiyo katika Biblia nzima. Mjukuu wangu aliishika tukifunga vifungo vya sweta: "Enyi mataifa yote", kifungo cha juu, "msifuni Bwana", kinachofuata, hivyo hivyo mpaka chini. Kitandani usikae naye, atarudi kulala ama atacheza. Mikono ikiwa na kazi, masikio yanabaki wazi.

Na hizo soksi, ziulize zinataka kuomba nini. Ila usicheke.

Kamba_Mbili

Mnabembeleza sana watoto wa siku hizi. Mwamshe saa kumi na moja kamili, muda utapatikana. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tukisinzia kwenye sala tulikula kofi na tuko hai.

BabaZ_SouthC

Dada, sisi ni Waislamu lakini mambo ni yale yale. Binti yangu ana miaka mitano. Kwetu mtoto huamrishwa swala akifikisha miaka saba, kwa hivyo kwa sasa simdai kitu. Namfundisha dua ya kuamka tu, *Alhamdulillahi lladhi ahyana ba'da ma amatana wa ilayhin-nushur*, na nusu ya maneno huyameza na usingizi.

Adhana ya alfajiri ikimkuta macho, anatandika kimswala chake kando ya changu. Mimi nimesimama, yeye tayari amerukuu. Nikisujudu, siku nyingine ananipanda mgongoni kama punda. Nangoja ashuke. Mtume mwenyewe alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, mimi ni nani nimkaripie?

Ndugu Kamba, kofi la saa kumi na moja alfajiri mimi naona linamfundisha mtoto kuogopa saa kumi na moja.

MamaWaUmoja

Asanteni. Nimerudi baada ya wiki.

Bwana Kamba, hiyo saa kumi na moja kamili niliijaribu Jumatatu. Tulisinzia sote wawili na chai ikamwagika kwenye gesi.

Shosho, vifungo vimenisaidia. Sweta yake ina vitano: vinne vinabeba mstari wa kwanza, cha tano ni "Haleluya", mstari wa pili tunaumalizia kwenye viatu. "Mhimidini" kwake ni "mahindini". Sijamrekebisha. Jumatano stima ilipotea, akafunga vifungo vyote gizani bila kukosea neno, mahindi yakiwemo.

Alhamisi nikamwambia leo aombe yeye. Akasema: "Mungu, dereva asipige honi, na Mama asinigombeze. Amina." Nikainama nikajifanya namfunga kamba za viatu, kumbe viatu vyenyewe ni vya kubandika. Nilimwomba msamaha tukiwa kwenye ngazi. Akaniambia sawa, kisha akaniuliza kama kuna ndizi kwenye mkoba.

Ijumaa tukazipa soksi nafasi. Ya kulia ilikuwa na neno moja tu. Ya kushoto iliombea paka wa jirani, mwalimu, makanga wa basi, jino la binamu yake, na wakati inaingia kwa wagonjwa honi ikalia mara mbili. Tuliachwa. Nimempeleka kwa boda, shilingi mia moja.