Mjadala: "Mafuta mingi" ni kosa, au ndicho Kiswahili chetu?

Mtoto wa Busia
Nimeamka na hasira, naomba mnisikilize. Kila asubuhi kabla sijafungua duka nacheza ile chemshabongo ya neno la herufi tano. Nafasi ni nne tu, na ya mwisho inakuja na dokezo. Nilikuwa na siku 61 bila kukosa. Leo nikaanza na SHOKA, yote kijivu, yaani hakuna herufi iliyomo. Nikaweka RANGI, nikapata N, G na I kijani, yaani zimekaa mahali pake. TUNGI, hakuna kipya. Dokezo likaja: "Mafuta ____". Aliyezaliwa Uganda hahitaji kufikiri hapo. Nikaandika MINGI. Nimekosa, eti jibu ni MENGI. Siku 61 zimeungua.

"Mafuta mingi" nimelikuta, sikulibuni. Baba alilisema, babu alilisema. Wale waliogawiwa maduka ya Wahindi waliofukuzwa na Rais Idi Amin mwaka 1972 waliitwa "mafuta mingi", hakuna aliyewaita "mafuta mengi". Swali langu ni moja: mchezo unaochezwa na watu wa Uganda ukubali neno la Uganda au usikubali?

Mwalimu wa Tororo
Pole ndugu, lakini jibu lao ni sahihi. Mingi ni ya miti, mikate, mito. Mafuta yanakaa pamoja na maji, mayai na maziwa, na hayo yote ni mengi. MA ikikutana na INGI, A na I zinaungana kuwa E. Ndiyo maana tunasema jino moja, meno mawili, hatusemi "maino". Lugha ina mifupa yake. Tukikubali kila kinachosemwa barabarani, mtoto atajifunza nini?

Steji ya Katwe
Mwalimu, hiyo barabara unayodharau ndio inalisha Kiswahili hapa Kampala. Mimi nabeba watu kwa boda miaka kumi na mbili. Hakuna mutu hata mmoja amenipigia simu akasema "mafuta mengi". Spea wanauza kwa mingi, petroli wanaweka kwa mingi. Sasa hao watengeneza mchezo wamemuuliza nani?

Mpwani wa Tanga
Napita tu. Kwanza ni "ndiyo inayolisha", si "ndio inalisha". Pili, mwenye mada, nafasi ya tatu uliitupa. Ungeweka VINGI badala ya TUNGI, ile I ya kwanza ingetoka kijivu na MINGI ungeifuta wewe mwenyewe. Tatu, siwalaumu. Kiluganda kimewaharibu, na Waganda Kiswahili chenu mlikiokota kwa askari. Mnakisema kama mnamwamuru mtu ashuke kwenye gari.

Mtoto wa Busia
Hilo la VINGI nalikubali, linaniuma zaidi ya yote.

Mama Arua
Mpwani, mimi si Mganda. Natoka Arua, ni Mlugbara. Waganda wako Buganda, nami nawaheshimu huko waliko. Kila mtu wa Pwani akifungua mdomo ni "ninyi Waganda". Nimechoka kubadilishwa kabila na watu wanaojiita mafundi wa lugha.

Na askari? Soko la Arua halina askari wa kutufundisha kusema. Mlugbara, Mkakwa, Mnubi na Mkongo wanauziana samaki na mihogo kwa Kiswahili, wanakopeshana kwa Kiswahili, wanaozeshana kwa Kiswahili. Kwetu ni lugha ya shemeji.

Steji ya Katwe
Na amri ya askari kwenye misako haikuwa "shuka", ilikuwa "panda gari". Kama hujui usiseme. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mama yangu alipandishwa lori na watu wenye sare akiwa na ndoo ya maji kichwani. Alirudi siku ya tatu, bila ndoo. Hadi leo ukiongea Kiswahili kwa sauti kubwa nyuma yake, anasimama na kunyamaza. Mimi Kiswahili nimejifunza nje, kwa abiria, kwa sababu nyumbani hakikuingia. Usinifanyie mzaha na hiyo.

Mpwani wa Tanga
Kaka, hapo nimekosea, nisamehe. Sikukusudia mama yako. Babu yangu naye alikuja huko 1979 na jeshi letu la Tanzania lililomng'oa Amin, alikuwa Kampala ilipotekwa mwezi Aprili. Alisema mlikuwa mkiwapa ndizi.

Steji ya Katwe
Tuliwaita abakombozi, hata kwa Kiluganda. Hilo hatujasahau. Nimekusamehe.

Mpwani wa Tanga
Lakini hili la Mganda silielewi. Raia wa Kenya ni Mkenya, wa Rwanda ni Mnyarwanda, wa Uganda ni Mganda. Kamusi ndivyo inavyosema. Ningemwita nini huyo mama?

Mjukuu wa Mengo
Mwite mtu wa Uganda, basi. Mganda ni mimi. Kabila ni Baganda, mmoja Muganda, nchi yetu Buganda, lugha Luganda. Ninyi watu wa Pwani mlipofika kwa Kabaka, mfalme wetu, mkaidondosha B, mkasema Uganda, kama mlivyosema Unyoro na Usoga. Mwingereza akaja nyuma yenu, akachukua jina la wabeba mizigo akalibandika nchi nzima. Sasa Mlugbara anakasirika akiitwa Mganda na mimi nakasirika nikinyang'anywa jina. Wote tuna haki.

Na usiseme Kiluganda ndicho kilichowaharibu. Kiluganda kinasema "amafuta mangi". "Mingi" ni ya emiti, vilevile kama kwenu. Ngeli tunazo kamili na hatuzikosei. Hilo kosa litafutie baba mwingine.

Mama Arua
Baba yake yuko ng'ambo ya mpaka. Mkongo anasema mingi kwa kila kitu, watu mingi, maji mingi, pesa mingi. Kwa Kilingala "asante sana" ni "melesi mingi", na neno halibadiliki hata uligeuze vipi. Kwetu wanavuka kila siku ya soko.

Mwalimu wa Tororo
Hoja ya amafuta mangi ni nzuri sana, Mjukuu, na naiandika. Kwa hiyo Mganda akisema "mafuta mengi" anafuata mifupa ya lugha yake mwenyewe.

Mjukuu wa Mengo
Sikusema nataka kukisema. Kabaka Daudi Chwa alikataa mwaka 1929 Kiswahili kisifanywe lugha rasmi ya Buganda, na sababu zake bado ziko. Lugha ya mtu ikiondolewa shuleni, mwaka wa kwanza huoni kitu. Unaona kwa wajukuu.

Mama Arua
Mnakikataa mkiwa mmeketi kwenye emmeeza, mnanawa kwa ssabbuuni, mnasoma ekitabo, mnaangalia essaawa! Hata kuhesabu saa mnahesabu kama Waswahili. Na Mutesa babu wa huyo Kabaka alikizungumza na wageni wake kabla Mwingereza hajaleta bendera.

Mjukuu wa Mengo
Kuazima meza si kuhama nyumba, nyabo.

Steji ya Katwe
Mnapigania kitu kiliisha zamani. Amin alishakiweka kwenye Katiba.

Mwalimu wa Tororo
Hapana. Amin alikitangaza kwa amri mwaka 1973 kuwa lugha ya taifa. Katibani kiliingia kwa marekebisho ya 2005, Ibara ya 6, lugha rasmi ya pili, kitumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Nafundisha watoto 90 kwa vitabu sita. Kwa hiyo mtu akiniambia nisishike sana ngeli kwa sababu gereji hawazishiki, naumia. Ngeli ndiyo kitu pekee ninachoweza kumpa mtoto bila kusubiri kitabu.

Mtoto wa Busia
Watoto 90 kwa vitabu sita. Mwalimu, sikujua. Lakini bado hakuna aliyejibu swali langu. Mchezo ukubali au usikubali?

Mpwani wa Tanga
Usikubali. Wakikubali MINGI kwenye mafuta, kesho Mombasa watataka la kwao, Bukavu la kwao, na fumbo halitakuwa na jibu. Mchezo wa neno moja lazima uwe na neno moja.

Mama Arua
Basi wasiweke dokezo la "Mafuta". Waweke "Maziwa" au "Mayai", na sote tutaandika MENGI. Mafuta kwa Uganda ni jina la watu, si mafuta ya kukaangia. Ukimwambia mzee wa hapa "mafuta mengi" ataleta jerikeni. Ukimwambia "mafuta mingi" atakutajia nani alichukua duka gani, mtaa upi. Ni maneno mawili tofauti, Mwalimu. Hilo ngeli haiwezi kulifuta.

Mwalimu wa Tororo
Hapo umenishika. Kama jina la watu wa wakati ule, ni mafuta mingi, na nikiandika historia nitaliandika hivyo hivyo.

Mama Arua
Asante. Sasa kijana wangu yuko P5, darasa la tano, na wana mtihani Ijumaa. Aandike ipi?

Mwalimu wa Tororo
Mengi. Asiongeze maelezo, msahihishaji hana muda.

Steji ya Katwe
Na wewe Mwalimu, pikipiki yako ikimwaga oili, ukifika kwa fundi unasema je?

Mwalimu wa Tororo
Nasema mingi. Nikisema mengi anajua nimetoka shule, na bei inapanda.