Tupeane uzoefu: Uganda Airlines ya zamani na hii ya sasa, wewe uliikuta ipi?

Ndugu wanachama, ninaomba tukusanye hapa kumbukumbu za waliosafiri na Uganda Airlines au waliofanya kazi karibu nayo. Kwa ufupi, shirika liliundwa Mei 1976, likaanza kurusha ndege mwaka 1977 baada ya kuvunjika kwa East African Airways, iliyomilikiwa na Kenya, Tanzania na Uganda, likafilisiwa mwaka 2001, kisha likafufuliwa kwa jina lilelile Agosti 2019. Mimi niliangukia ile miaka 18 ya katikati, kwa hiyo safari yangu ya kwanza kutoka Entebbe niliifanya kwa ndege ya nchi nyingine. Maoni yangu, ambayo mna ruhusa ya kuyapinga, ni kwamba shirika la kwanza halikuuawa na uhaba wa abiria bali na maamuzi yaliyofanywa mbali na uwanja wa ndege.

Mstaafu wa mizigo, Entebbe
Ninakubaliana nawe, na nitaeleza kwa nini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, makao makuu na karakana kubwa vya East African Airways vilikuwa Nairobi, hivyo sisi wa Entebbe tulianza karibu mikono mitupu. Boeing 707 zetu zilibeba abiria na mizigo, na moja iliharibiwa kabisa uwanjani Aprili 1979 wakati wa vita vilivyomwondoa Idi Amin.

Kazi yangu ilikuwa kupanga mzigo juu ya paleti, ambayo ni bamba la alumini. Tulipanga maboksi, tukayafunika kwa plastiki, tukavuta wavu juu yake na kukaza ndoana kwenye kingo, kisha paleti ikapimwa, kwa sababu msimamizi alipaswa kujua ni kilo ngapi zinakaa mbele na ngapi nyuma kabla rubani hajatia saini. Vijana wengi hawajui kwamba fedha ya uhakika ilikuwa katika kazi hizi za chini: ndege ya kigeni ikitua hulipia huduma za uwanjani hata kama imekuja na viti vitupu. Katika miaka ya 1990 huduma hizo zilihamishiwa kampuni ya ENHAS, ambamo shirika lilikuwa na hisa, na hisa hizo zikauzwa mwaka 1998, jambo ambalo Bunge lililichunguza. Shirika likabaki na gharama za kurusha ndege bila kipato kile. Miaka mitatu baadaye likafungwa.

Aliyesoma London
Si kila pigo lilitoka ofisini, mzee wangu. Tarehe 17 Oktoba 1988, ndege yetu aina ya 707 iliyoondoka Gatwick kuelekea Entebbe ilianguka Roma, uwanja wa Fiumicino, ikijaribu kutua kwa mara ya tatu katika ukungu. Watu 33 kati ya 52 walifariki. Sisi wanafunzi tulishinda tukipigiana simu kuulizana nani alikuwa amesafiri, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ndege ya kurudi nyumbani.

Msafiri wa Johannesburg
Msiisahau Alliance Air, ubia wa Uganda, Tanzania na South African Airways ulioanza katikati ya miaka ya 1990 ukafa mwaka 2000. Ilitumia Boeing 747SP, ile fupi nene. Niliipanda, na sijui ni nani aliyedhani ubia wa wakubwa na wadogo ungedumu.

Mfanyabiashara wa Kampala
Mimi ni wa hii mpya. Safari za biashara zilianza Agosti 28, 2019, kwenda Nairobi, kwa CRJ900 yenye viti 76, viwili kila upande wa ujia. Mtu mwenye begi la magurudumu hulikabidhi mlangoni, kwa kuwa makabati ya juu katika aina hiyo ya ndege ni madogo. Airbus A330-800 mbili zilikuja Desemba 2020 na Februari 2021, wakati ambapo korona ilikuwa imewafungia watu ndani, na njia ya Dubai ikasubiri hadi Oktoba 2021. Kununua ndege za viti 258 kwa nchi isiyo na njia ndefu hata moja kulinitia shaka, na shaka hiyo bado ninayo. Mzee wa mizigo, je, kwa mtu wa bidhaa kuna tofauti kati ya ndege hizi mbili?

Mstaafu wa mizigo, Entebbe
Ipo, mwanangu, tena kubwa. Tumbo la CRJ hupakiwa kwa mikono, kifurushi kimoja kimoja, ilhali la A330 hupokea kontena na paleti nzima. Kwa hiyo njia ya London Gatwick ilipofunguliwa Mei 2025, swali langu la kwanza halikuhusu viti. Niliuliza ni tani ngapi za minofu ya samaki na mboga zitapata nafasi chini, na nani atalipwa kwa kuzipakia.