Mjadala: Je, kikokotoo cha mafao kilipunguzwa kwa sababu wazee wameongezeka?

MLETA MADA

Hapa Tanzania, kila suala la kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya wastaafu, linapoibuka, iwe bungeni au kazini, hoja moja hutolewa kana kwamba imekwisha kuthibitishwa: watu sasa wanaishi miaka mingi baada ya kustaafu, kwa hiyo mifuko haiwezi kulipa mafao kama ya zamani. Naileta hoja hiyo hapa tuipime, kwa sababu naamini inaeleza sehemu ndogo tu ya tatizo na inaficha sehemu kubwa.

Kwa wasiofuatilia, mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Kanuni zilizofuata ziliweka mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa pamoja mtu anapostaafu, wa asilimia 25 kwa wote, ilhali waliokuwa PSPF na LAPF walizoea asilimia 50. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akasitisha kanuni hizo na kuagiza utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Mazungumzo ya Serikali, shirikisho la vyama vya wafanyakazi (TUCTA) na waajiri yakazaa kikokotoo cha asilimia 33, kilichoanza Julai 2022. Katika bajeti ya Juni 2024 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50, na asilimia 35 kwa lililokuwa likipata 25.

Sasa tutazame idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, ongezeko la wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Zaidi ya asilimia 42 ya wananchi wana umri chini ya miaka 15, na waliofikisha 60 hawafiki asilimia 6. Ujerumani inapopandisha umri wa kustaafu hatua kwa hatua hadi 67 kwa waliozaliwa kuanzia 1964, inafanya hivyo kwa sababu watoto waliozaliwa baadaye ni wachache kuliko wanaoondoka kazini. Kwetu hali ni kinyume kabisa. Isitoshe, sehemu kubwa ya kupanda kwa wastani wa umri wa kuishi imetokana na kupungua kwa vifo vya watoto wachanga, na mtoto aliyepona surua hamwongezei mfuko mzigo. Akipata ajira, atauchangia miaka thelathini kabla hajaudai chochote.

Msimamo wangu ni kwamba watu wa nchi na watu wa mfuko ni makundi mawili tofauti. Watu wa nchi huongezeka kwa kuzaliwa, lakini watu wa mfuko huongezeka kwa kuajiriwa. Ajira za Serikali ziliposimamishwa mwaka 2016 ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na mwaka uliofuata takriban watumishi elfu kumi wakaondolewa kwa vyeti vya kughushi, wastaafu hawakusimama kuusubiri uhakiki uishe. Mfuko ulizeeka ndani ya nchi changa, na uzee huo ulitokana na uamuzi wa mwajiri.

MWALIMU MSTAAFU, IRINGA

Ndugu mleta mada, ninakuunga mkono, ila umeruka jambo linalotuuma zaidi sisi wahusika. Wengi wanadhani kikokotoo kipya kinahamisha fedha tu, kwamba unapata mkupuo mdogo leo na kufidiwa kwa pensheni kubwa ya kila mwezi. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, naomba niwaonyeshe.

Chukua mtumishi mwenye mshahara wa milioni moja kwa mwezi aliyechangia miezi 360. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF na LAPF, miezi yake iligawanywa kwa 540 na kuzidishwa kwa mshahara wa mwaka, hivyo pensheni kamili ilikuwa milioni 8 kwa mwaka. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, mkupuo ukawa milioni 62, na kila mwezi akapokea takriban 333,000. Kwa utaratibu wa sasa kigawanyo ni 580 na kizidisho ni 12.5. Akipewa asilimia 40, mkupuo ni kama milioni 37.2, na pensheni ya mwezi ni kama 372,000.

Kwa hiyo amepoteza milioni 24.8 mkononi, na anafidiwa shilingi 39,000 hivi kwa mwezi. Gawanyeni wenyewe: itamchukua zaidi ya miaka 52 kurudisha alichopoteza, maana yake mtu aliyestaafu akiwa na miaka 60 anapaswa kuvuka miaka 112. Hata kwa ile asilimia 33 ya 2022, iliyokuwa na pensheni kubwa zaidi ya mwezi, angehitaji zaidi ya miaka 31. Mjadala wa hadharani umekuwa juu ya asilimia ya mkupuo peke yake, wakati hasara kubwa iko kwenye zile namba mbili zisizotajwa majukwaani, 580 na 12.5. Asilimia ikipandishwa tunapiga makofi, lakini namba hizo zinabaki pale pale.

MTAALAMU WA HESABU ZA BIMA, DAR ES SALAAM

Mwalimu, shikamoo. Hesabu yako ni sahihi, na nasikitika kwamba haikuwahi kuelezwa kwa uwazi huo na waliopaswa kuieleza. Kwa kweli ni punguzo la mafao, na kuliita maboresho ni kuwakosea heshima wastaafu. Hata hivyo, sikubaliani na hitimisho linalonyemelea katika maelezo yenu wawili, kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa wa haki na ungeendelea kulipika kama ajira zisingesimama.

Mafao yale hayakuwahi kulingana na michango. Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 na mwajiri 15. Kizidisho cha 15.5 kilimaanisha kwamba mfuko unamlipa mstaafu, siku ya kwanza, nusu pensheni ya miaka kumi na tano na nusu mbele, bila kupunguza chochote kwa ajili ya riba ambayo fedha hizo zingezalisha kama zingebaki kwenye mfuko. Hakuna kampuni ya bima ya maisha ambayo ingeuza mkataba wa namna hiyo kwa bei hiyo.

Suala la umri wa kuishi nalo si dogo kama mleta mada anavyolichora. Ni kweli kwamba wastani wa nchi umepandishwa na watoto wanaopona. Lakini kumbukeni miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, jinsi UKIMWI ulivyowaondoa walimu, wauguzi na askari wakiwa na miaka 35 au 40. Wengi wao walikuwa wachangiaji ambao hawakufika kwenye pensheni ya uzeeni. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure kuanzia 2004, watu wa kundi hilohilo walianza kufika 60. Hiyo ni habari njema kuliko zote katika mjadala huu, na ina gharama ambayo vikokotoo vya zamani havikuipangia.

Kuna jambo jingine lililo mbele yetu. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikajengwa kila mahali, waliajiriwa walimu vijana kwa wingi katika miaka michache. Leo wanachangia, na mfuko unaonekana kupumua. Aliyeajiriwa akiwa na miaka 25 mwaka 2006 atafikisha 60 mwaka 2041, na watafika pamoja. Mleta mada anasema mwajiri aendelee kuajiri ili mfuko ubaki kijana, na mimi namuuliza: kila wimbi la ajira si ndilo wimbi la wastaafu wa baadaye?

MCHANGIAJI WA MOMBASA

Ndugu zangu wa Tanzania, kwetu Kenya tulichagua njia nyingine na kelele hazikuwa ndogo. Mwaka 2009 umri wa kustaafu wa watumishi wa umma ulipandishwa kutoka 55 hadi 60, na vijana wakasema wamefungiwa mlango miaka mitano. Hadi 2020 pensheni za watumishi hao zilikuwa zikilipwa moja kwa moja kutoka Hazina bila wao kuchangia, hivyo kila mstaafu mpya alikuwa mzigo mpya kwa mlipa kodi. Januari 2021 ndipo mfuko wa kuchangia ulipoanza kazi. Upande wa NSSF yetu ya Kenya, sheria ya 2013 ilikaa mahakamani karibu miaka kumi, na ilipoanza kutekelezwa mwaka 2023, asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na 6 kutoka kwa mwajiri, watu waliokuwa wamezoea kukatwa shilingi 200 tu kwa mwezi walihisi wameporwa. Kwa hiyo ninyi mlipunguza mafao na sisi tukaongeza michango. Sioni nani amepata nafuu, lakini angalau anayechangia zaidi ana akiba iliyoandikwa jina lake.

MCHANGIAJI WA UNGUJA

Mjadala wote huu unahusu wenye barua za ajira. Mvuvi wa Nungwi, mkulima wa mwani wa Paje na mama anayeuza mandazi Darajani hawamo katika 540 wala 580. Wao wana watoto, na ndiyo pensheni yao. Vijana wakihamia mjini na kuzaa wachache, pensheni hiyo nayo inapungua, na hakuna chama cha wafanyakazi kitakachoisemea.

Zanzibar tulianza Pensheni Jamii Aprili 2016: kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 alipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya Serikali, awe alichangia au hakuchangia, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi 50,000. Ni fedha ndogo, nakubali. Lakini mpango huu hauhitaji rekodi za michango za miaka thelathini. Unahitaji uthibitisho wa umri na ukaazi tu. Na kwa kuwa wazee ni wachache sasa, huu ndio wakati ambao nchi changa inaweza kumudu kuanza. Kwa nini bara hadi leo hakuna?

MLETA MADA

Nawashukuru wote, nami nitajibu mawili tu.

Mtaalamu, swali lako la mawimbi ni zito, lakini linanisaidia zaidi kuliko linavyonipinga. Kama wimbi la 2041 linajulikana kwa mwaka na karibu kwa majina, mwajiri alikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kujiandaa. Tatizo ni kwamba mwajiri huyu ana historia. Watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia. PSPF ilipoanza, utumishi wao wa nyuma ulihesabiwa wote katika mafao, huku fedha za kuugharamia zikibaki kuwa ahadi ya Serikali. Mfuko ulilipa kwa michango ya vijana, na deni likakua hadi matrilioni. Desemba 2021 Serikali ilitoa hati fungani maalumu isiyo ya fedha taslimu, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa baadaye, ya takriban shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo, hatua ninayoipongeza, ingawa ilikuja miaka mitatu baada ya mtumishi kuambiwa kwamba tatizo ni kuishi kwake muda mrefu. Nakubali kwamba 15.5 ilikuwa ukarimu uliopitiliza. Sikubali kwamba gharama ya ukarimu huo pamoja na ya deni zitozwe kwa mtu mmoja, tena asiambiwe ipi ni ipi. Tathmini za uhai wa mfuko, yaani hesabu za kupima kama utaweza kulipa mafao ya baadaye, zitolewe hadharani kwa lugha ambayo Mwalimu anaweza kuihakiki kwa kalamu, na zionyeshe kipande kinachotokana na umri, kinachotokana na ajira, na kinachotokana na malimbikizo ya mwajiri.

Ndugu wa Unguja, sina jibu la kukuridhisha. Nadhani bara imesita kwa sababu ya ukubwa wa idadi, maana wazee wa bara ni wengi mara nyingi zaidi, na shilingi 50,000 zinazolipika Unguja na Pemba zingekuwa fungu zito katika bajeti ya Muungano. Ningeanza na umri wa juu zaidi, kama Uganda ilivyofanya kwa waliofikisha miaka 80, kisha kuushusha kadiri mapato yanavyoruhusu. Mtaalamu, ukipata nafasi, tupigie hesabu ya gharama ya umri wa 75 na ya 80 kwa takwimu za sensa ya 2022, tuijadili hapa.