Chanjo ya surua: kwa nini homa ilikuja siku ya 8, na kwa nini mtoto arudie miezi 18?

MamaNasra (Tanga)
Wanajukwaa, salaam. Binti yangu alichomwa chanjo ya surua na rubella alipotimiza miezi 9. Wiki nzima alikuwa mzima, akitambaa na kucheza kama kawaida, lakini siku ya 8 alishikwa na homa, na kesho yake vikatokea vipele vichache nyuma ya masikio na kifuani, ambavyo vilipotea baada ya siku mbili. Mama mkwe anasema sindano ndiyo iliyomwambukiza surua, na kwamba watoto wa zamani waliugua surua yenyewe wakatoka wakiwa imara zaidi. Nesi naye ameandika kwenye kadi kwamba turudi mtoto atakapofikisha miezi 18. Kama chanjo ilifanya kazi, homa ilitoka wapi baada ya siku zote hizo? Na kama ilifanya kazi, kwa nini arudie?

Darubini
Dada, mimi ni mtu wa maabara, nitajibu hilo la siku ya 8. Chanjo ya surua ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Asili yake ni kirusi ambacho John Enders na Thomas Peebles walikipata kwa mvulana mgonjwa huko Boston mwaka 1954, kisha kikakuzwa mara nyingi katika seli za maabara, zikiwemo za viinitete vya kuku, hadi kikapoteza makali yake kwa binadamu. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 1963. Kwa kuwa ni hai, huzaliana kidogo mwilini, na kinga nayo huchukua muda kukijibu. Kwanza seli maalumu humeza vipande vyake na kuvipeleka kwenye tezi za limfu, zile ambazo zikivimba tunaziita mitoki. Huko, kati ya mamilioni ya chembechembe nyeupe, ni chache mno zenye umbo linaloshikana na kirusi hicho, na hizo chache ndizo zinazoanza kugawanyika: seli B zitakazotengeneza kingamwili (protini zinazokikamata kirusi), na seli T zitakazoua seli zilizokwisha kuvamiwa. Kutoka chache hadi kuwa nyingi za kutosha ni kazi ya siku kadhaa, ndiyo maana homa ya chanjo hii huonekana kati ya siku ya 7 na ya 12, wala si jioni ya sindano.

Vipele navyo ni kazi ya mwili wenyewe. Hata katika surua halisi, vipele hutokea seli T zinapozishambulia seli zenye kirusi kwenye ngozi. Mtoto aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa seli T anaweza kuugua surua kali bila kipele hata kimoja. Kwa hiyo mama mkwe ameona sawasawa, ila tafsiri yake ndiyo iliyopotoka kidogo. Nakuomba jambo moja: kwetu huku homa ya mtoto isisingiziwe chanjo kabla hajapimwa malaria.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, naongezea hilo la miezi 18, maana nimeulizwa na akina mama kwa miaka mingi. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Kingamwili hizo humlinda, lakini zikiwa bado zimo, hukikamata pia kirusi cha chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Katika miezi 9 kwa wengi zimekwisha kufifia, si kwa wote: kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, takriban 85 hupata kinga. Dozi ya pili si ya kukazia ya kwanza, kama wengi wanavyodhani. Shabaha yake kubwa ni wale 15 ambao ya kwanza haikuwashika, na kwa sura huwezi kuwatambua. Tungesubiri miezi 12, wengi zaidi wangeitikia, lakini penye surua inayozunguka, ugonjwa ungewawahi.

Mzee wa Pwani
Mama mkwe asidharauliwe, ana nusu ya ukweli. Surua ilipoingia visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1846, daktari Peter Panum aliona kwamba wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuipata tena, ingawa ilikuwa imepita miaka 65. Nusu ya pili ndiyo yenye gharama. Kirusi halisi cha surua huingia moja kwa moja katika seli zinazotunza kumbukumbu ya maradhi mengine na kuziangamiza. Utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wasiochanjwa huko Uholanzi, ulionyesha kwamba baada ya surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Chanjo haikuonekana kufanya hivyo. Nimezika mpwa ambaye surua ilimwacha salama, kisha nimonia ikamchukua wiki chache baadaye; wakati ule tulisema ni bahati mbaya.

MamaNasra
Pole sana, mzee, na shukrani kwenu nyote. Nimemsomea mama mkwe, na hilo la Faroe limempendeza kuliko yote. Nesi, siku hiyo ya miezi 18 ikimkuta mtoto ana mafua, nimpeleke?

Nesi Mstaafu
Mpeleke, mafua madogo hayazuii chanjo. Akiwa na homa kali au amelegea, aonwe kwanza na mganga wa kituo. Uliza pia siku ya chanjo hiyo kituoni kwenu na uwahi asubuhi, kwa kuwa kichupa kimoja hutumika kwa watoto kadhaa, na kikishachanganywa na maji yake kinachobaki hutupwa muda wa saa 6 ukipita tangu kichanganywe.