Kaipiga mota ya baiskeli yangu maji ya presha, halafu eti "ikaishi jangwani"!

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka.

Yule muosha magari mnamjua. Gamboti za njano, redio inasikika hadi Usa River. Nusu ya magari ya Arusha yamepita mikononi mwake, kwa hiyo asije mtu hapa kuniuliza "nani huyo".

Asubuhi nimeshuka na baiskeli yangu ya umeme, ya milimani, kutoka juu ya Ngaramtoni. Mvua ya jana imegeuza njia za mashamba kuwa uji wa ulezi, tope limeingia hadi kwenye cheni. Nyumbani maji yamekatika siku ya tatu, nikasema basi, nipitie kwake. Betri nikaichomoa, nikaiweka begini. Pale betri inapokaa, kwenye pini za umeme, nikafunika kwa mfuko wa plastiki na raba. Nikamwambia mara TATU: ndoo, sponji, brashi laini. Mashine ya presha usiisogeze. Akaitikia, "nimekusoma braza".

Nikavuka barabara kununua chapati mbili.

Kugeuka, baiskeli iko miguu juu kama mbuzi wa Krismasi, na mdomo wa bunduki ya maji umezama kwenye mota, pale katikati ya pedeli, kidole hakipiti. Maji yanatokea upande wa pili! Na ule mfuko wangu KAUTOA. Eti alitaka na ndani kutakate. Nimepiga ukelele mama wa chapati kaangusha upawa. Alizima? Hakuzima. Kamaliza upande ule kwa raha zake, ndipo akaniangalia mbele ya wateja:

"Baiskeli gani inaogopa maji? Ipeleke ikaishi jangwani."

Na watu wakacheka.

Kitabu cha mota kinasema IPX4, yaani kipimo cha kuzuia maji. Hiyo 4 ni maji ya kurushiwa: mvua, vidimbwi, ndoo. Bomba la kulenga linaanzia 5, na mashine yake ile inasukuma presha ya baa zaidi ya 100. Maji ya namna hiyo yanapenya sili, yanafukuza grisi kwenye beringi na kukaa yenyewe. Leo inazunguka vizuri, mwezi ujao inalia kama kinu cha kusaga.

Kafunga kazi kwa kupulizia dizeli kwenye cheni, ikaruka hadi kwenye diski za breki. Pedi zimekunywa mafuta. Nimeshuka Sakina navuta breki, baiskeli inaendelea na safari zake.

Akanidai 5,000. Pikipiki anaosha 3,000. "Hii si ya umeme?" Kumbe umeme anaujua kwenye bei!

IKAISHI JANGWANI.

Fundi Spoku: Pole mkuu. Usiirudishe betri kwanza, wala usiichaji kwenye baiskeli. Futa zile pini kwa kitambaa kikavu, iache penye upepo siku mbili tatu, isianikwe juani. Diski futa kwa spiriti. Pedi hizo zitupe, hazirudi. Na siku nyingine usikubali igeuzwe miguu juu, breki za mafuta zinaweza kuvuta hewa.

Mla Viporo: Tatizo ni chapati. Mwanaume mzima unaacha mali barabarani kufuata chapati mbili. Zilikuwa na nini ndani?

Bibi Harusi wa Njiro: Yule yule!! Kaosha injini ya Noah yangu kwa presha, gari likakataa kuwaka. Namuuliza, ananijibu "limeshtuka tu, liache lipumue". Limepumua siku nne gereji.

Jembe Halimtupi: Baiskeli ina kitabu, ina betri, ina IP sijui nini, halafu unaipeleka kwa mtu wa gamboti. Ungeipeleka hospitali.

Mwenye uzi: Mla Viporo, chapati usiiingize hapa. Nilimwambia mara tatu! Mfuko niliufunga mwenyewe kwa raba, mtu kaufungua kwa mikono yake, kaelekeza bunduki mle mle. Hilo mnalionaje? Mkononi mwake!

Bibi Harusi wa Njiro: Na mazulia je? Nimempelekea la rangi ya maziwa, limerudi la rangi ya chai. Kanambia ndiyo rangi yake halisi, nilikuwa naishi na vumbi.

Kanzu Nyeupe: Zulia afadhali. Dobi wangu wa Kijenge kaniunguza kanzu mgongoni, alama ya pasi kamili, siku ya Idi. Nimeswali nimeegemea ukuta.

Jembe Halimtupi: Dobi wa Kijenge yule mwenye kibanda cha bluu? Suruali yangu iko kwake tangu Pasaka.

Kanzu Nyeupe: Huyo huyo! Ukimpigia anasema inakauka.

Mla Viporo: Suruali ya kijivu ina mkanda wa kahawia? Jumapili nimemwona kaivaa harusini.

Jembe Halimtupi: Harusi gani? Nani ana picha?